Siri Niliyompa Rashidi

Lindi, Jumatano, Mfunguo Saba

Niwie radhi, shajara. Niwieni radhi nanyi mnaopita hapa na kukuta maandishi yale yale ya Mfunguo Nne, yale ambamo niliwalaumu walimu vijana kwa kusahihisha insha bila kuzisoma. Miezi mitatu ni mingi. Mtu wa umri wangu akinyamaza kiasi hicho, watu huanza kuulizana habari za afya yake. Sikuwa mgonjwa. Nilinyamaza kwa sababu kila nilipoketi kuandika, sentensi ya kwanza ilikuwa ya uongo, na mimi nimewaadhibu watoto wa watu kwa kosa hilo maisha yangu yote ya kazi.

Leo jua ni kali tangu asubuhi. Mkorosho wa jirani unadondosha mabibo upande wangu wa uani, na nzi wamekuja nayo. Mtaa wetu wa Mtanda umetulia. Mimi sijatulia.

Nimesalitiwa.

Nimeliandika neno hilo peke yake ili nilitazame. Nimelifundisha darasani mara nyingi, nikitoa mifano, nikiwataka wanafunzi walitungie sentensi. Sikujua kwamba likimpata mtu humwondolea hata hamu ya chai.

Kwa wasionijua, nieleze kidogo. Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili, kisha mwalimu mkuu, hapa Lindi. Nilipostaafu, wanawake wa Miteja, kule Kilwa nilikozaliwa, waliniomba niwe mwenyekiti wa chama chao. Chama kina kazi moja: kinaendesha nyumba ya kungojea uzazi, nyuma ya zahanati. Wanawake wanaoishi mashambani, mbali na barabara, huja pale siku zao zikikaribia. Hulala, hula vizuri, na uchungu ukianza huwa wako hatua chache tu kutoka kwa mkunga. Kabla ya nyumba ile, wengine walijifungulia njiani, juu ya pikipiki. Wengine hawakufika.

Chakula, magodoro, vyandarua na posho ya mpishi vinatokana na msaada wa serikali moja ya nje, unaopitia shirika lenye ofisi Dar es Salaam. Serikali sitaitaja, wala shirika.

Mpishi ni Mama Shabani. Namwita mpishi kwa sababu mkataba unamwita hivyo, lakini ndiye pia afuaye mashuka, afagiaye uwanja, na amshikaye mkono mwanamke anayelia kwa mara ya kwanza maishani mbele ya watu. Humtazama mwanamke anavyovuka uwanja na kusema, "Huyu kesho." Mkunga mwenye cheti humcheka. Kesho yake mkunga huyo huyo huja kuomba uji, macho mekundu kwa kutolala.

Kwetu pwani, mwanamke akishazaa, jina alilopewa na baba yake huwekwa kando. Huitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza, na baada ya miaka michache hata jirani wa ukuta kwa ukuta hulisahau lile la zamani. Kwa hiyo Mama Shabani ni Mama Shabani, na Shabani ni mwanawe.

Shabani aliondoka Miteja miaka kadhaa iliyopita. Alisema anakwenda kusini kutafuta kibarua katika mashamba ya ufuta. Alipiga simu mara mbili, kisha simu ikawa haipatikani. Ulikuwa wakati wa habari za vijana waliovuka mto wa mpakani, Ruvuma, na kujiunga na wapiganaji wa upande wa pili, na kijiji kikaanza kunong'ona kwamba naye ni miongoni mwao. Hakuna aliyemwona. Hakuna aliyeleta ushahidi wowote. Polisi walimhoji mama yake, wakaandika maelezo, wakamruhusu arudi nyumbani. Hadi leo hajui kama mwanawe yuko hai.

Mwaka huu mkataba wa msaada ulikuja na kurasa mpya. Zilitutaka tuorodheshe majina matatu ya kila mjumbe, kila mfanyakazi na kila anayetuuzia kitu, ili yapitishwe katika orodha za watu wanaohusishwa na ugaidi. Zilitutaka tuthibitishe kwa saini kwamba hakuna sehemu yoyote ya msaada itakayomfikia mtu wa namna hiyo, moja kwa moja au kwa kupitia mwingine. Tena zilitutaka, tukipata shaka yoyote, tuitolee taarifa mara moja.

Niandike wazi kwamba sikuzipinga. Mtu anayetoa kodi yake katika nchi ya mbali ana haki ya kujua kwamba haimnunulii mwuaji risasi. Na sisi hatuishi mbali na mpaka ule. Hofu hiyo ni yetu kabla ya kuwa yao. Nilizisoma kurasa zote, nikasahihisha tafsiri yake kwa kalamu nyekundu, kwa kuwa ilikuwa mbovu, kisha nikatia saini.

Kukusanya majina kulikuwa na vituko vyake. Mzee anayetuletea samaki alimwambia Bi Tausi, katibu wetu, "Mwanangu, mimi nauza vibua. Wakitaka jina la babu yangu, kibua kitapanda bei." Tausi alimbembeleza siku mbili. Mwishowe mzee alitoa jina la babu, kisha akaongeza la bibi bila kuombwa, akisema huyo ndiye aliyekuwa mkorofi.

Tulicheka. Wakati huo tulikuwa bado tunacheka.

Sasa nifike kwa Rashidi.

Rashidi ndiye ofisa wa shirika anayeshughulikia mikoa yetu. Amezaliwa hapa Mtanda, nyumba ya nne kutoka kwangu. Nimemfundisha madarasa mawili. Mama yake, Mungu amrehemu, alinikabidhi mtoto yule kwa maneno ambayo wazazi wa zamani waliwaambia walimu: nyama yako, mifupa yangu. Alipopata kazi ile Dar es Salaam, alikuja kunipa habari kabla ya kuwaambia shangazi zake. Nilijivuna mtaa mzima. Sioni aibu kukiri hilo. Aibu yangu iko mbele.

Alikuja Lindi kutufundisha kurasa mpya, vyama vyote vya mkoa katika ukumbi mmoja. Alizungumza vizuri. Baada ya semina alinisindikiza hadi nyumbani kwa miguu, akiubeba mkoba wangu, akaketi barazani, akala visheti.

"Mwalimu," akaniambia, "hizi karatasi zisikutishe. Kama kuna jambo linakukaa vibaya, niambie mimi kwanza. Kama mwanao. Afadhali nijue mapema, niweze kukushauri."

Jambo lilikuwapo, naye aliliona usoni mwangu. Siku ile sikusema. Nilikaa nalo siku tatu. Nilijiuliza kama mama wa kijana anayenong'onwa ni "shaka" inayotajwa katika kurasa zile. Mimi ni mtu wa kanuni, na kanuni ikiwa haieleweki sipati raha mpaka niulize. Siku ya nne nikamwandikia ujumbe mrefu kwa simu, wenye vituo vyote mahali pake. Nilimweleza habari za Mama Shabani tangu mwanzo hadi mwisho. Juu yake nikaandika: "Siri. Naomba ushauri tu."

Alijibu baada ya dakika chache. "Asante kwa kuniamini, Mwalimu. Nimekuelewa. Tulia."

Nikatulia.

Mwezi mmoja na nusu baadaye barua ikaja. Barua za shirika huingia katika barua pepe ya katibu. Bi Tausi huzichapisha steshenari ya Nangurukuru na kunitumia kwa konda wa basi. Niliisoma nikiwa bado nimesimama stendi. Ilisema kwamba shirika "limepokea taarifa" kuhusu mfanyakazi wetu mmoja mwenye uhusiano wa damu na mtu anayeshukiwa. Chama kina siku thelathini kuthibitisha kwamba mfanyakazi huyo ameondolewa na hapati manufaa yoyote ya mradi, chakula kikiwa kimetajwa kwa jina lake. Tusipofanya hivyo, msaada utasitishwa.

Jina lililoandikwa lilikuwa Somoe Athumani. Ilinichukua muda kukumbuka ni nani.

Nilimpigia Rashidi pale pale, kelele za wapiga debe zikiwa masikioni mwangu. Aliniamkia kwa adabu yake ile ile. Nikaitikia marahaba kwa mazoea, kisha nikamwuliza swali moja.

Hakukataa. Hilo nampa.

"Mwalimu, na mimi nimesaini," akasema. "Kurasa zenu ni tano, zangu ni kumi na moja. Nikipokea habari kama ile nina siku tatu za kuipeleka juu. Nisingeipeleka, kazi sina."

"Ulipokaa barazani kwangu ulilijua hilo?"

"Nililijua."

"Ukaniambia niseme kama kwa mwanangu."

"Nilidhani una jambo dogo, Mwalimu. Wengi wana mambo madogo."

Nimelitafakari jibu hilo siku nyingi. Simlaumu kwa kupeleka taarifa. Amefungwa na saini yake kama mimi nilivyofungwa na yangu. Ninamlaumu kwa visheti. Ninamlaumu kwa kubeba mkoba wangu. Alijua kwamba sikio lake lina mlango wa pili, akaniacha niongee kana kwamba mlango huo haupo. Angeniambia tu, "Mwalimu, usiniambie neno usilotaka lifike juu," ningefunga mdomo, na leo ningekuwa ninawaandikia habari za insha.

Kabla ya kukata simu aliniambia ipo njia. Ofisi inaweza kukubali Mama Shabani abaki, ikiwa atatia saini tamko. Akanitumia.

Tamko ni ukurasa mmoja. Linasema: mimi fulani natamka kwamba simtambui Shabani kuwa mtu wa familia yangu, kwamba sina uhusiano naye wa aina yoyote, na kwamba sitakuwa nao.

Kesho yake nikapanda basi la asubuhi, nikaenda na tamko hilo Miteja.

Nilimkuta Mama Shabani nyuma ya jiko anachambua mchele, ungo mapajani. Bi Tausi alikuwapo, na wajumbe wawili wa kamati. Wanawake wanne wenye matumbo makubwa walikuwa wamejilaza mkekani, wakisikiliza huku wakijifanya wamelala. Nilieleza habari za barua. Nilipotaja jina la Somoe Athumani, mjumbe mmoja akauliza, "Huyo ni wa wapi?" Mama Shabani akainua mkono taratibu kama mwanafunzi. Watu wakacheka, naye akacheka. Ndiyo mara ya mwisho kucheka siku ile.

Nikamsomea tamko. Anajua kusoma, alijifunza ukubwani, katika darasa la jioni nililolianzisha mimi. Lakini aliniomba nisome. Nilipomaliza, akaendelea kutoa vijiwe kwenye mchele kwa muda.

"Rudia pale katikati," akasema.

Nikarudia.

"Yaani wanataka niseme sikumzaa."

"Wanataka useme humtambui."

"Si ndiyo hiyo hiyo, Mwalimu?"

Nikaikunja karatasi.

"Mimi sijui aliko," akasema. "Hilo nitaliandika mara kumi, kwa mkono wangu, na dole gumba juu. Kama amefanya ubaya, wamkamate, wamhukumu, nitakwenda mahakamani kukaa nyuma. Waandikie hivyo. Lakini hilo la simtambui, hapana. Nyinyi wenyewe mtaniitaje kesho?"

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa nafuu kwangu kama angekasirika.

Niliwaandikia watu wa shirika maneno yake, sawasawa kama alivyoyasema. Jibu lilikuja baada ya siku mbili: matini ya tamko haibadilishwi.

Lakini siku ile ya Miteja haikuishia hapo, na yaliyofuata ndiyo sababu halisi ya ukimya wangu wa wiki hizi za mwisho.

Mama Shabani aliuliza, bila kumtazama mtu yeyote, "Nani aliwapelekea habari Dar?"

Macho ya wajumbe wawili yalikwenda kwa Bi Tausi na kubaki pale. Ni yeye anayeandika taarifa. Ni yeye mwenye barua pepe. Ni yeye aliyezunguka na daftari akiuliza majina ya mababu. Tausi alitazama chini. Nilikuwa nimekaa katikati yao, barua mkononi, na ulimi ninao.

Sikusema kitu.

Wakati wa chakula ulipofika, Mama Shabani alipakua kama kawaida. Kwetu wanawake hula katika sinia moja. Mikono hukutana, na aliye karibu humsogezea mwenziwe kipande cha samaki. Sahani hupewa mgeni, mtu ambaye bado hujamzoea. Bi Tausi ameishi Miteja maisha yake yote. Mmoja wa wajumbe akaingia jikoni, akatoka na sahani, akaiweka mbele ya Tausi na kumwambia kwa upole, "Karibu, mgeni."

Tausi akala. Alikula chote, polepole, peke yake, ukingoni mwa mkeka.

Mimi nilikula katika sinia. Mama Shabani ndiye aliyenisogezea samaki.

Wiki tatu zimepita. Nimesikia kwamba hadi leo Tausi anatengewa sahani. Nimesikia kwamba duka lake dogo la vocha na sabuni limepoteza wateja, na kwamba mmoja wa wanawake wajawazito alikataa kuandikwa naye kwenye daftari. Nilikuwa naamka kila siku na kujiambia nitampigia baada ya chai. Kisha baada ya adhuhuri. Kisha kesho.

Nilikuwa na sababu nzuri, na nilizipanga kama hoja za mdahalo. Nikikiri, watanitoa uenyekiti, na nani atazungumza na shirika? Nikikiri sasa, kamati itagawanyika wakati wa uamuzi mkubwa. Nilimwambia Rashidi kwa nia njema. Yote hayo ni kweli. Lakini mwanafunzi akinipa hoja tatu safi za kueleza kwa nini mwenzake aadhibiwe badala yake, namjua mwanafunzi huyo, na nimemsimamisha mbele ya darasa mara nyingi.

Simwogopi mfadhili. Namwogopa mwanamke mmoja mwenye ungo mapajani.

Leo asubuhi nikapiga simu. Sikunywa chai kwanza, kwa kuwa nilikwisha kujua mbinu ya chai.

Bi Tausi aliitika haraka. "Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Tausi, nina jambo la kukuambia, na naomba usinikatize. Aliyempa Rashidi habari za Mama Shabani ni mimi."

"Nilijua," akasema.

Nilidhani hakunisikia. Nikarudia.

"Nimekusikia, Mwalimu. Nilijua tangu siku barua ilipoingia. Ilikuwa na kurasa tatu. Nilikupelekea mbili."

Nikakumbuka kwamba barua ile haikuwa na saini mwishoni. Nilidhani ni uzembe wa ofisi za siku hizi.

Akanieleza. Ukurasa wa tatu una jedwali dogo: tarehe ya taarifa, aina ya taarifa, chanzo cha taarifa. Kwenye chanzo wameandika "Mwenyekiti wa chama", na chini yake jina langu, matatu yote, kwa usahihi kamili. Aliusoma pale pale steshenari. Akaukunja, akautia kwenye pochi. Wajumbe waliponitazama mimi kama mzazi wao na yeye kama mchongezi, ukurasa ule ulikuwa kwenye pochi hiyo, mapajani mwake.

Nikamwuliza kwa nini.

"Wangekutoa siku ile ile. Halafu nani ataongea na Dar, mimi? Mimi wakinipigia kwa Kiswahili chao kile nasema ndiyo kwa kila kitu." Akaongeza, "Kula peke yangu si msiba, Mwalimu. Na wewe wiki ile ulikuwa umenirudishia muhtasari wa kikao mara nne. Nilitaka na mimi niwe na kitu cha kukusahihisha."

Alikuwa anatania. Nilitambua hivyo baadaye. Wakati ule nikafanya jambo la kipumbavu, jambo la mwalimu: nikamkaripia. Nikamwambia katibu haondoi ukurasa katika barua rasmi, hata kwa wema.

"Ni kweli," akasema Tausi. "Na mwenyekiti hakai kimya."

Hapo salio langu likakwisha.

Nimekaa hapa mezani tangu hapo. Nilianza kuandika nikiwa nimesalitiwa, na bado nimesalitiwa. Habari za Tausi hazimpunguzii Rashidi hata chembe ya lawama. Akija tena Mtanda nitamwitikia marahaba, kwa kuwa ni haki ya salamu, lakini hatabeba mkoba wangu. Hilo limekwisha. Ila sasa najua kwamba alichonifanyia Rashidi barazani nilimfanyia Mama Shabani. Yeye naye aliniambia habari za mwanawe akiwa ameketi, mikono imeshika ungo, akidhani maneno yake yanaishia kwangu. Miaka yote hii sikuwahi kumwuliza kama naweza kuyapeleka mbele. Niliyapeleka kwa sababu kanuni ilinikera.

Kamati inakaa Miteja Jumamosi. Siku thelathini zinakwisha Jumanne. Mezani kuna mambo mawili tu: kumwondoa Mama Shabani, hata kwenye chakula anachokipika mwenyewe, au kuukataa msaada na kujaribu kuiendesha nyumba kwa nguvu zetu. Sitatia saini ya kumwondoa. Hilo ni langu, nimeliamua. Lakini saini yangu si nyumba. Kuna wanawake wanne mkekani, na wengine wako njiani kutoka mashambani, na sina haki ya kuwa mwadilifu kwa gharama ya matumbo yao. Wakipiga kura nyingine, watachagua mwenyekiti mwingine wa kutia saini, nami sitawaita wasaliti. Nimezungukazunguka swali hilo hadi kichwa kinauma, na sijui jibu lililo sawa.

Ninalolijua ni la kabla ya hapo. Nimeongeza salio, nikamwambia Tausi aje na ukurasa wa tatu. Amekataa mara mbili, mara ya tatu akasema sawa. Kabla ajenda haijafunguliwa nitasimama na kuusoma mwenyewe, jedwali zima, hadi kwenye jina langu, na Mama Shabani akiwapo. Baada ya hapo sijui kama nitakuwa na kiti cha kukalia mle ndani. Nitakaa popote watakaponiambia nikae, na nitawasikiliza wakiamua.

Uamuzi wao nitauandika hapa, maneno kwa maneno, hata ukinihusu mimi. Mpaka watakapoamua, sina haki ya kuandika kitu kingine.